Kutoa mbao za dashibodi ya gari la zamani bila kuzipasua

Mtu akifungua mlango wa Jaguar Mark 2, jicho lake huvutwa kwanza na mbao. Gari hilo lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1959 hadi 1967, na watengenezaji hawakuwa na ubahili wa mapambo. Mbao zimetanda chini ya kioo cha mbele, zimezunguka geji, zimeteremka kwenye milango, na katika magari mengi ya aina hiyo zimefika hadi kwenye vimeza vya kukunja vilivyo nyuma ya viti vya mbele.

Ukizitazama utadhani ni mbao nene za mjozi, mti unaozaa jozi. Kumbe ni vinia, ngozi nyembamba ya mti isiyofika unene wa milimita 1, iliyogundishwa juu ya plaiwudi au mbao ya kawaida na kupakwa vanishi. Michirizi yake iliyojiviringa hutokana na vifundo vya shina, mahali ambapo nyuzi za mti hukua bila mpangilio. Ndiyo maana hupendeza, na ndiyo maana hupasuka upesi: nyuzi hazielekei upande mmoja, kwa hiyo hazina nguvu ya kuhimili mkunjo.

Fundi anayechomeka bisibisi pembeni na kukandamiza hupata ufa kabla mbao haijasogea. Kwa kawaida kosa lake si haraka peke yake. Kuna skrubu moja ambayo hakuiona, nayo ilikuwa bado imeshika. Mwongozo huu unahusu kuitafuta skrubu hiyo.

Kwanza jiulize: ni lazima zitoke?

Kuna sababu tatu za kweli za kutoa mbao. Vanishi imepasuka au vinia imeanza kubanduka. Nyaya zilizo nyuma zinahitaji kubadilishwa. Au gari linapakwa rangi upya ndani na nje.

Kama mbao zimefifia tu, zisafishe hapohapo kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha king'arishi chepesi cha rangi ya gari, na uziache. Kila mara mbao inapotolewa, matundu ya skrubu hulegea kidogo na kingo hupata hatari mpya.

Adui mkubwa wa mbao hizi ni jua. Utafiti uliofanywa Tempe, Arizona, na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba gari likiegeshwa juani kwa saa moja siku ya joto kali, dashibodi hufika wastani wa nyuzijoto 69 za Selsiasi. Vanishi ya zamani iliyokauka haiwezi kufuata mbao inapotanuka na kusinyaa kila siku, kwa hiyo hukatika nyufa nyembamba. Unyevu nao huingia kwenye nyufa hizo, gundi ikalegea, na vinia ikainuka. Anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar hupata vyote viwili, jua na unyevunyevu wa bahari.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Vinia za dashibodi moja mara nyingi zilikatwa kutoka gogo moja, karatasi ya kushoto ikageuzwa ili michirizi yake ifanane na ya kulia. Ukiharibu kipande kimoja, huwezi kununua mwenzake dukani. Kwa wenye Mercedes-Benz za miaka ya 1970 na 1980, kama W123 na W126, jambo hili linatugusa kwa karibu. Mbao zenye milia ziitwazo zebrano zinatoka kwenye miti ya jenasi Microberlinia, inayoota Kameruni, Gabon na Kongo-Brazzaville, na spishi zake zimo kwenye orodha ya shirika la uhifadhi la IUCN ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Mbao ilitoka msitu wa Afrika, ikaenda Ujerumani, ikarudi barabarani Nairobi na Dar es Salaam. Kilichobaki kinastahili kutunzwa.

Vifaa vya kuandaa

☐ Bisibisi za bapa na za nyota, za ukubwa tofauti. Ncha iendane na mtaro wa skrubu. Ikicheza, itakula kichwa cha skrubu kisha itateleza juu ya vanishi.
☐ Spana za inchi kwa magari ya Uingereza ya zama hizo, za milimita kwa ya Ujerumani.
☐ Kabari za plastiki au za mbao laini. Usitumie chuma.
☐ Selotepu ya karatasi ya wapaka rangi, kalamu ya risasi, na bahasha ndogo za karatasi.
☐ Tochi ya kuvaa kichwani na kioo kidogo cha mkononi.
☐ Simu yenye nafasi ya kutosha ya picha.
☐ Blanketi la kulaza mbao, na shuka la kufunika viti na kasha la gia.
☐ Kikaushia nywele na uzi imara wa kuvulia samaki, kwa sehemu zilizogundishwa.

Mafuta ya kulegeza kutu yasiletwe karibu na mbao. Yakipenya chini ya vinia, gundi mpya na vanishi mpya hazitashika. Kama nati ina kutu, weka tone moja kwa ncha ya kijiti, wala usipulizie.

> TAHADHARI YA 1: UMEME
> Ondoa waya wa betri kabla ya kugusa chochote. Anza na ule unaokwenda kwenye bodi ya gari, maana spana ikigusa bodi wakati unaufungua hakuna cheche.
> Usichukulie kwamba waya huo ni wa hasi. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, Jaguar Mark 2 likiwemo, yalifungwa chanya kwenye bodi. Fuata waya kwa macho uone unakoishia, kisha piga picha. Atakayerudisha betri kinyume anaweza kuunguza redio, na hata vifaa vya kuchaji.
> Kama gari ni la miaka ya 1980 au baadaye na lina mfuko wa hewa kwenye usukani au mbele ya abiria, kazi ya upande huo mwachie fundi mwenye maelekezo ya mtengenezaji.

> TAHADHARI YA 2: GEJI ZENYE MIRIJA
> Si kila geji hutumia waya. Magari ya Uingereza aina ya MGB ya mwanzo yana geji ya joto la maji yenye mrija mwembamba wa shaba uliojazwa kimiminika na kufungwa moja kwa moja hadi kwenye injini. Ukiukata au kuuvunja, geji imekufa. Hufunguliwa upande wa injini, kisha mrija wote hutolewa taratibu.
> Mercedes W123 nayo ina mrija wa mafuta ya injini unaofika nyuma ya geji ya shinikizo. Ukivuta kundi la geji kwa nguvu, mrija huo hujikunja au kuvuja, na mafuta huishia kwenye zulia.

Jinsi ya kusoma dashibodi kabla ya kuifungua

Hapa ndipo muda unapotakiwa kutumika. Keti kwenye kiti cha abiria, washa tochi, na usiguse bisibisi kwanza.

Angalia mahali mbao mbili zinapokutana. Moja itakuwa imelala juu ya ukingo wa nyingine. Iliyo juu ilifungwa baadaye kiwandani, kwa hiyo itatoka kwanza. Fuata ushahidi huo kutoka pembeni hadi katikati, na utapata mpangilio wa kazi nzima bila kitabu. Mwenye kitabu cha mafundi cha gari lake akisome pia, lakini akumbuke kwamba gari la miaka 60 limepitia mikono mingi na huenda mtu aliongeza skrubu ambayo kiwanda hakikuiweka.

Kisha tafuta skrubu zilipojificha. Kwa kawaida zipo ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria mlango wake ukiwa wazi, chini ya ukingo wa dashibodi pasipoonekana bila kulala chali, nyuma ya kisanduku cha majivu ya sigara, chini ya vifuniko vidogo vya plastiki au mpira, na kwenye kona inayofichwa na mlango wa gari uliofungwa. Hiyo ya mwisho huwasahaulisha wengi. Fungua milango yote miwili kabisa, upitishe kioo cha mkononi kwenye kila ukingo.

Hatua kwa hatua: Jaguar Mark 2

Mfano huu umechaguliwa kwa sababu waliolibuni gari hili walimfikiria fundi. Paneli ya katikati, ile yenye geji nne ndogo na safu ya swichi chini yake, haikufunikwa kwa mbao; imevishwa ngozi bandia nyeusi na ina bawaba kwa chini. Kufungua njia ya kufika nyuma ya mbao huanzia hapo.

1. Piga picha dashibodi nzima, kisha kila kona kwa karibu. Piga pia picha ya pengo kati ya mbao na mbao. Utahitaji kulirudisha lilivyokuwa.

2. Ondoa waya wa betri kama ilivyoelezwa juu. Funika viti. Rudisha viti vya mbele nyuma kabisa.

3. Bandika selotepu ya karatasi kwenye kila kipande cha mbao, kwa upande wa nyuma au ndani usioonekana, uandike jina lake: "kushoto juu", "dereva", "mlango wa kisanduku". Usibandike upande wenye vanishi iliyopasuka. Ukija kuivuta, selotepu itaondoka na ganda la vanishi, na pengine na vinia yenyewe.

4. Fungua skrubu mbili zilizo kwenye kona za juu za paneli ya katikati. Ishikilie kwa mkono mmoja na uilaze kuelekea kwako. Sasa nyaya zote ziko mbele ya macho. Piga picha nyingine kabla hujagusa waya wowote.

5. Toa vifuniko vya chini ya dashibodi upande wa dereva na wa abiria. Hapo utaona migongo ya geji kubwa mbili: spidomita, na geji ya mizunguko ya injini yenye saa ndogo ndani yake.

6. Kila geji kubwa hushikwa na kipande cha chuma kinachoegemea nyuma ya mbao na kukazwa kwa nati mbili zenye mikwaruzo, zinazofunguliwa kwa vidole. Zilegeze kwa zamu, moja kidogo na nyingine kidogo. Ukimaliza moja kabla ya nyingine, geji huinama na kubana ukingo wa tundu la mbao, sehemu ambayo vinia haina pa kushikilia.

7. Fungua kola ya kebo ya spidomita kwa mkono, bila koleo. Vuta vishikio vya globu moja moja na uvipe alama. Angalia kama kuna vijikebo vya kurudisha kilomita za safari kwenye sifuri na vya kurekebisha saa. Hivi hushikwa na nati ndogo chini ya dashibodi, na wengi huvisahau wakidhani geji imenasa.

8. Sukuma geji kutoka nyuma kuja mbele huku kiganja kingine kikiipokea. Iweke uso juu kwenye kitambaa.

9. Sasa ingia kwenye mbao. Anza na ile uliyoona imelala juu ya nyingine. Fungua skrubu na nati zake zote, ukiziweka kwenye bahasha yenye jina la kipande hicho. Skrubu ambayo haikuzunguka kwa nguvu ya kawaida iache, rudi kwayo ukiwa na bisibisi inayoijaza mtaro sawasawa.

10. Jaribu kuitikisa mbao kwa viganja viwili vilivyo wazi, si kwa ncha za vidole. Ikicheza sawasawa pande zote, iko huru. Ikicheza upande mmoja na kugoma upande wa pili, kuna skrubu iliyobaki upande unaogoma. Simama hapo. Chukua tochi na kioo urudie kutafuta.

11. Ikiwa huru, ivute ikiwa bado imenyooka, upande wa kushoto na wa kulia kwa pamoja. Mtu wa pili anafaa sana kwa vipande virefu, hasa ule ulio chini ya kioo cha mbele.

12. Mlango wa kisanduku cha abiria utoe ukiwa mzima na bawaba zake kwa kufungua skrubu za upande wa dashibodi. Hivyo unahifadhi mkao wa bawaba kwenye mbao, na kazi ya kuulinganisha wakati wa kurudisha inakuwa nyepesi.

Hatua ya 10 ndiyo moyo wa kazi yote. Hisia za mikono hapo zina thamani kuliko kifaa chochote kilichoorodheshwa juu.

Kwa mwenye Mercedes

W123 na W124 bado zinaonekana sana barabarani kwetu, na njia yake ni tofauti kidogo. Kundi la geji halikufungwa kwa skrubu. Limekazwa kwa msuguano tu, na mafundi hulivuta kwa kulabu mbili nyembamba zinazopitishwa pembeni. Livute sentimita chache, sogeza mkono nyuma, fungua kebo ya spidomita kwa gari lenye kebo, ukikumbuka mrija wa mafuta kwenye W123.

Kwenye kasha la katikati la W124, anza na kisanduku cha majivu. Kikitoka, skrubu zilizofichwa nyuma yake zinaonekana. Swichi za madirisha zilizo kwenye mbao ya kuzunguka gia zina plagi kwa chini: inua mbao kidogo tu, chomoa plagi zikiwa na alama, ndipo uitoe. Anayeinyanyua kwa mkupuo huivunja katikati ya tundu la swichi, kwa kuwa hapo mbao imebaki ukanda mwembamba.

Ikigundishwa

Wakati mwingine mwenye gari wa awali alichoka na skrubu zilizolegea akamwaga gundi. Hapo tochi na kioo havitasaidia.

Pasha moto ukingo kwa kikaushia nywele, kikiwa umbali wa kiganja na kikisogezwa muda wote. Mkono wako ukishindwa kuvumilia joto la mbao, umezidisha. Kisha pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma ya mbao na uuvute kama msumeno, ukienda polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Bunduki ya hewa moto ya kuondolea rangi isitumike kabisa. Hutoa malengelenge kwenye vanishi kwa sekunde chache na huibandua vinia uliyokuja kuiokoa.

Njia hiyohiyo ya joto na uzi hufaa kwa mapambo ya plastiki yenye picha ya mbao, yanayobandikwa na watu juu ya dashibodi za kawaida. Ukitaka kujua kama ulichonacho ni vinia au plastiki, angalia ukingo wa nyuma: vinia itaonyesha tabaka za plaiwudi au mbao, plastiki itaonyesha rangi moja.

Makosa yanayorudiwa

*Kuchanganya skrubu ndefu na fupi.* Hili ni kosa la siku ya kurudisha, ingawa hutendeka siku ya kutoa. Skrubu ndefu ikikazwa kwenye tundu la skrubu fupi, ncha yake hutokea mbele na kusukuma vinia kama chunusi. Kidonda hicho hakifichiki. Bahasha moja kwa kipande kimoja inatosha kukizuia, na kama kipande kina skrubu za urefu tofauti, chora umbo lake kwenye katoni na uchomeke kila skrubu mahali pake.

*Kukata waya mfupi.* Kama waya haufiki, kuna plagi au kishikio ambacho hakijafunguliwa.

*Kuegemea dashibodi ukiwa umelala chini yake.* Mkono hutafuta pa kushika, na cha kwanza kuufikia ni ukingo wa mbao.

*Kufanya kazi gari likiwa limetoka juani.* Lisubiri lipoe kivulini.

Zikishatoka

Zilaze kwenye blanketi, uso juu, mahali pakavu penye kivuli. Usizisimamishe ukutani kwa wiki nzima, zitapinda. Usizifunge kwa nailoni, kwa sababu unyevu uliomo utabaki humo na kuinua vinia. Tumia shuka la pamba au karatasi. Dari ya bati bila silingi huchoma mchana kama jua lenyewe, kwa hiyo stoo ya aina hiyo haifai.

Vipande vya vinia vilivyodondoka, hata vidogo kama ukucha, viweke kwenye bahasha ya kipande chake. Fundi mzuri anaweza kuvirudisha, na kiraka cha mti wenyewe hakionekani kirahisi.

Kwa ukarabati, mtafute seremala wa samani anayefanya kazi ya vinia, kabla ya kumfikiria mpaka rangi wa magari. Mwambie waziwazi asitumie msasa wa mashine. Vinia hii haifiki milimita 1, na wengine waliomtangulia huenda wameshaipunguza. Mashine huimaliza kwa kupita mara moja kwenye kona, na plaiwudi nyeupe ikaonekana. Vanishi ya zamani iondolewe kwa dawa ya kuondolea vanishi na kikwangua butu, na msasa laini wa mkono uje mwishoni tu.

Wanaojiandaa kwa maonyesho kama Africa Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza 1970, wanajua kwamba waamuzi hutazama ndani ya gari pia, na mbao zenye rangi mbili tofauti hujitangaza toka mlangoni. Kwa hiyo usimpelekee seremala kipande kimoja kilichoharibika. Mpelekee mbao zote za gari kwa pamoja, za milango zikiwemo, hata zile nzima, ili azipake vanishi ya kopo moja siku moja.